WAJIBU WA MPASHA HABARI: SOMO KWA WAANDISHI NA WASOMAJI WA PANDE ZA ZIWA

Watu wa pande za Ziwa wana haja ya habari kila siku, wala haja yao si ya anasa. Mvuvi wa Usenge hutaka kujua bei ya mbuta kabla ya kutia mashua majini. Mama auzaye omena katika soko la Kibuye hutaka kujua kama njia ya Bondo inapitika wakati wa masika. Mzee aliyeko Kendu Bay hufungua redio jioni asikilize matangazo ya vifo, maana huenda likasomwa jina la ndugu yake aliyekwenda kufanya kazi Nairobi au Mombasa. Basi yule ambaye kazi yake ni kukusanya habari na kuzitoa kwa watu ameshika mkononi kitu kizito. Akikosea, hasara huwapata watu asiowajua, na wengi wao hawana njia ya kumfikia wamwulize.

Juma hili twataka kueleza kanuni za kazi hiyo kwa kutazama mambo yaliyotokea hapa hapa Kisumu na kando ya Ziwa. Somo si la waandishi peke yao. Siku hizi kila mwenye simu ya mkononi ni mpasha habari wa namna fulani, na msomaji naye yampasa ajue kukipima anachosoma.

HABARI YA SAMAKI WENYE SUMU

Tuanze na jambo ambalo wengi wa pande hizi walilisikia mifukoni mwao. Mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulikataza samaki wa Ziwa Victoria kutoka Kenya, Uganda na Tanzania wasiingie katika masoko yake. Sababu yake ilikuwa habari kwamba watu wengine walitia majini dawa ya kuulia wadudu, ili samaki wafe, waelee, kisha wakusanywe bila taabu. Mwaka uliotangulia, 1998, samaki wabichi walikuwa wamekwisha kukataliwa kwa ajili ya kipindupindu kilichoenea Afrika Mashariki, ingawa Shirika la Afya la Ulimwengu halikuona kwamba katazo lile lilihitajika. Viwanda vya Kisumu vinavyokata minofu ya mbuta vilipunguza kazi, bei ikaanguka katika mialo, na mvuvi ambaye hakuwahi kuishika dawa hiyo maishani mwake akarudi nyumbani na samaki wasio na mnunuzi.

Je, waandishi walikosea kuitoa habari ile? Hasha. Kuvua kwa sumu ni uhalifu, na anayekula samaki ana haki ya kujua. Kuficha jambo kama hilo kwa kusudi la kulinda biashara kungekuwa kuuza afya ya watu. Lakini msomaji na alinganishe maneno haya mawili. La kwanza: "Samaki wa Ziwa wana sumu." La pili: "Katika mwalo fulani watu wameshikwa wakivua kwa dawa ya wadudu, samaki wao wamechukuliwa kupimwa, na majibu hayajatoka." Neno la kwanza ni fupi, linapendeza katika kichwa cha habari, na linauza gazeti. Nalo limelihukumu Ziwa zima, tangu Kisumu hadi Mwanza na Entebbe, kwa kosa la watu wachache. Neno la pili linataja mahali, linataja tendo, tena linakiri lile lisilojulikana bado. Mwandishi mwenye kuijua kazi yake huandika la pili, hata kama mhariri wake angependa la kwanza.

Jambo la kufanana na hilo lilitokea tena Novemba 2022, samaki wafugwao katika vizimba ndani ya maji karibu na Kisumu walipokufa kwa wingi mno. Katika saa kama hiyo neno la kwanza litokalo vinywani mwa watu ni sumu, na la pili ni jina la adui. Wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi walieleza kwamba maji ya chini, yaliyopungukiwa na hewa ya oksijeni, yalipanda juu. Samaki aliye huru huyakimbia maji ya namna hiyo. Aliyefungiwa kizimbani hana pa kukimbilia. Hapo mwandishi aliyesubiri siku mbili tatu amwulize mtaalamu alikuwa na habari ya kuwafaa wafugaji. Aliyekimbilia kuandika "sumu" alikuwa na uvumi uliopigwa chapa.

Tena tuseme wazi kwamba kusubiri si rahisi. Mwandishi mwenzako wa gazeti jingine hasubiri, na mhariri aliyeko Nairobi anapiga simu kila nusu saa. Walakini habari iliyochelewa siku moja husameheka, na mfanyabiashara aliyefilisika kwa neno la uongo hawezi kurudishiwa mtaji wake na gazeti lolote.

NILIONA, NILISIKIA, NILIAMBIWA

Mtu anayejifunza kazi hii na ayatenge maneno hayo matatu katika daftari lake tangu siku ya kwanza. Aliloliona kwa macho yake aliandike mahali pake. Alilolisikia likisemwa na mhusika mwenyewe, mahali pake. Aliloambiwa na mtu aliyeambiwa na mtu, aliandike penginepo, kisha aende akalitafutie shahidi. Makosa mengi tuyaonayo magazetini hayatoki katika nia mbaya. Hutoka katika kuyachanganya hayo matatu usiku, taa ikiwaka na saa ya kupiga chapa ikikaribia.

Mahali ambapo kanuni hii hupata mtihani wake mkubwa ni katika hesabu ya waliokufa, na mji wa Kisumu umeujua mtihani huo. Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Jomo Kenyatta alikuja kufungua Hospitali Kuu mpya ya Nyanza, iliyojengwa kwa msaada wa Warusi, ambayo hata leo watu huiita "Russia". Tom Mboya alikuwa ameuawa tarehe 5 Julai mwaka ule ule, na mioyo ya watu ilikuwa na uchungu. Rais na Jaramogi Oginga Odinga walirushiana maneno makali mbele ya umati; mawe yakatupwa; walinzi wakafyatua risasi. Miongoni mwa waliokusanyika walikuwamo watoto wa shule. Serikali ilisema waliokufa ni watu 11. Watu wa Kisumu wamesema miaka yote kwamba walikuwa wengi kuliko hao. Siku chache baadaye Odinga na viongozi wenzake wa chama cha KPU walitiwa kizuizini, na chama chenyewe kikapigwa marufuku.

Sasa mwandishi afanyeje mbele ya hesabu mbili zisizopatana? Asichague ile inayompendeza. Aandike kwamba Serikali imesema 11, naye ataje ni nani katika Serikali aliyesema na siku gani. Aandike kwamba watu wa mji wanasema zaidi, na aeleze wanasema hivyo kwa ushahidi gani. Kisha aende mwenyewe chumba cha maiti, aende katika shule ahesabu madawati yaliyobaki matupu, aende makanisani ambako mazishi huandikwa. Akizuiwa mlangoni, hilo nalo ni habari. Na aandike kwamba alizuiwa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyotoa taarifa yake mwaka 2013 ilikuwa bado inakusanya ushahidi wa siku ile baada ya miaka zaidi ya 40. Laiti madaftari ya siku yenyewe yangejazwa vizuri na kutunzwa, kazi ya Tume ingekuwa nyepesi, na jamaa za waliokufa wasingengoja muda wote huo kusikilizwa.

Kurasa zilizotolewa na idara za habari za serikali ya kikoloni katika miaka ya 1950 zilikuwa na kasoro iyo hiyo: zilizoea kuandika lile lililosemwa ofisini na kuliacha lile lililosemwa sokoni. Anayezisoma leo hujifunza mengi juu ya mbegu za pamba na sabuni, na machache sana juu ya waliyoyafikiri watu waliokuwa wakizisoma. Kwa upande wa pili, Achieng' Oneko, mtu wa pande hizi za Ziwa, alihariri gazeti la Kiluo lililoitwa Ramogi katika miaka ya 1940. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 alikamatwa pamoja na Kenyatta na wenzao, wakashtakiwa Kapenguria, na magazeti mengi ya Waafrika yakafungwa. Rufani yake ilishinda, naye akazuiliwa vivyo hivyo mpaka mwaka 1961. Baada ya uhuru akawa Waziri wa Habari. Twalitaja jambo hili kwa sababu wengine hudhani kwamba kanuni za uandishi na amri za wenye kutawala ni kitu kimoja. Sivyo. Mwandishi hufungwa na ukweli hata pale sheria inapomruhusu kusema uongo, na pengine hudaiwa ukweli hata pale sheria inapomkataza.

PICHA, NA TAFSIRI YA MANENO

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Serikali ilikataza matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni tarehe 30 ya mwezi ule. Wazo lilikuwa kutuliza watu. Lakini watu hawakukaa bila habari. Ujumbe wa simu ulishika nafasi ya redio, na ujumbe wa simu hauna mhariri. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa katika nchi nzima katika machafuko yale.

Mwezi wa Januari 2008, kamera ya televisheni ya KTN ilipiga picha mtaani Kondele, hapa Kisumu, ikimwonyesha askari polisi akimfukuza kijana asiye na silaha na kumpiga risasi. Picha ile ilionekana dunia nzima. Bila kamera ile, jambo lenyewe lingebaki neno la wakazi wa Kondele dhidi ya neno la polisi, nasi twajua ni neno la nani ambalo lingeshinda. Hiyo ni faida kubwa ya kazi hii, na aliyesimama na kamera mahali pale hakuwa salama. Hata hivyo, askari aliyeshtakiwa kwa mauaji aliachiliwa na Mahakama Kuu mwaka 2010, kwa sababu ushahidi juu ya bunduki iliyotumika haukupatana. Wengi walikasirika. Mwandishi anaweza kukasirika pia, ila katika karatasi yake yampasa atenge mambo mawili: picha huonyesha tendo, na mahakama ndiyo humtaja mwenye hatia. Mpaka hukumu itoke, mtu ni "mshtakiwa". Aliyemwita "mwuaji" kabla ya hukumu amempa wakili wa upande wa pili hoja ambayo hakuistahili.

Jambo jingine ambalo halisemwi sana ni tafsiri. Katika mikutano ya siasa ya hapa Kisumu, kiongozi huweza kuanza kwa Kiingereza, akaingia Kiswahili, na kwenye kilele cha hotuba akasema methali ya Kiluo. Mwandishi aliyetumwa kutoka Nairobi humwuliza jirani yake, "Amesema nini?" Jirani humpa maneno matatu. Kesho yake methali iliyosemwa kwa mzaha, ikawachekesha wazee, imetokea gazetini kama tishio la vita. Au tishio la kweli lililofichwa ndani ya methali limetokea kama mzaha. Dawa yake ni kuyaandika maneno katika lugha iliyosemwa, neno kwa neno, kisha kutoa maana yake, na kuuliza zaidi ya mtu mmoja. Katiba ya mwaka 2010 inalinda uhuru wa kusema, lakini katika kifungu cha 33 imeyaweka nje ya uhuru huo maneno ya kuchochea fujo na maneno ya chuki. Mtangazaji wa redio moja ya lugha ya kienyeji katika Bonde la Ufa alifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague kwa ajili ya machafuko yale yale. Kesi ilianza kusikilizwa Septemba 2013, na Aprili 2016 majaji waliimaliza kwa kuwa ushahidi haukutosha. Miaka hiyo yote swali lilikuwa: alisema nini hasa hewani, na maana yake ilikuwa nini? Redio isiyotunza sauti za matangazo yake haina la kujibu mtu akiuliza swali kama hilo.

BAHASHA

Hapa hatutakawia, kwa maana kila mtu anajua. Mheshimiwa huita waandishi, hutoa hotuba, kisha msaidizi wake hupita akigawa bahasha. Huitwa nauli, au soda, au chakula cha mchana. Waandishi wa mashambani hulipwa kwa kila habari iliyochapwa, nao hutoka Siaya au Homa Bay kwa fedha zao wenyewe. Si haki kuwalaumu wao na kuwaacha wenye magazeti wasiowalipa nauli. Lakini aliyepokea bahasha asubuhi hawezi jioni kuuliza fedha za daraja lililoanguka zilikwenda wapi. Kama ameletwa kwa gari la mheshimiwa kwa sababu hakuna gari jingine, na aandike hivyo ndani ya habari yenyewe, msomaji apime. Sentensi moja yatosha.

WANAWAKE WA MIALO

Kando ya Ziwa kuna desturi iitwayo jaboya. Mvuvi humpa mwanamke mchuuzi samaki kwa sharti la kuwa na uhusiano naye wa kimwili, na kwa njia hiyo ukimwi umeangamiza nyumba nyingi. Magazeti ya hapa na ya Ulaya yameandika sana juu yake, na ni vema yaliandika. Lakini mara ngapi tumeona picha ya mwanamke, uso wake wazi, jina la mwalo wake chini, na neno jaboya juu ya kichwa chake? Wanawe wanasoma shule iliyo karibu. Mwandishi amekwisha kupanda basi kwenda zake.

Kanuni ni kuomba ruhusa, na ruhusa ya kweli si kule kutingisha kichwa tu. Tuseme mwandishi amefika mwaloni asubuhi:

"Mama, hujambo? Natoka gazetini. Naomba kuzungumza nawe juu ya biashara ya samaki, na mambo yake magumu."

"Sijambo, mwanangu. Nitazungumza. Lakini jina langu utaliandika?"

"Ukikataa sitaliandika. Na gazeti hili husomwa mpaka hapa, tena huonekana katika simu za watu. Hata jirani yako ataliona."

"Basi andika maneno, jina uliache."

Mwandishi huyu amefanya jambo moja ambalo wengi hulisahau: amemweleza mama habari ile itafika wapi. Mtu hawezi kukubali jambo asilolijua. Tena kwa habari ya virusi vya ukimwi, Sheria ya mwaka 2006 ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi inakataza kutangaza matokeo ya kipimo cha mtu bila idhini yake ya maandishi. Mganga hana ruhusa, wala mwandishi. Watoto nao wasitajwe majina, wala wasipigwe picha zitakazowaaibisha watakapokuwa watu wazima.

Kisha kuna kosa la kuandika aibu na kuacha sababu. Anayetaka kueleza jaboya na aulize mashua ni za nani. Katika mwalo wa Nduru, wanawake walipata mashua zao wenyewe katika miaka ya 2010, nao wakawa wenye kuajiri wavuvi. Mafuriko ya mwaka 2020 yaliwarudisha nyuma sana. Katika habari hiyo kuna mali, kuna kazi, kuna mvua na serikali. Mwandishi aliyepiga picha ya uso mmoja tu hakuyaona hayo.

Na kwa habari ya waliozama majini: mashua ikipinduka, jina la marehemu lisitoke hewani kabla jamaa hawajaambiwa na mtu aliye mbele yao. Pande hizi redio husikilizwa nyumba nzima pamoja, na tumewaona mama walioanguka sakafuni mbele ya wageni kwa kulisikia jina ghafula.

MSOMAJI AKIKOSEWA

Sheria haikumwacha msomaji mikono mitupu. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kudai kwamba habari isiyo ya kweli au yenye kupotosha, iliyomdhuru, isahihishwe au ifutwe. Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013 iliweka Tume ya Malalamiko, mahali pa kupeleka shauri bila kwenda mahakamani. Lakini kwanza iandikwe barua kwa mhariri, na barua ina namna yake.

Taja jina la gazeti, tarehe na ukurasa; kama ni redio, taja saa na kipindi. Nakili maneno yenyewe yaliyokukosea, bila kuongeza lako. Sema ni lipi lisilo kweli, na ukweli ni upi, na ushahidi wako ni nini: stakabadhi, barua ya chifu, au jina la shahidi aliye tayari kuulizwa. Mwisho sema unataka nini, yaani masahihisho, au maelezo yako yachapwe, au picha iondolewe. Matusi yaache, kwa maana mhariri ataanza kuyajibu hayo na kuliacha shauri lako. Barua ya ukurasa mmoja husomwa. Ya kurasa sita huwekwa kando.

Mhariri mwema hulichapa sahihisho mahali panapoonekana, lisifichwe chini ya tangazo la baiskeli hali kosa lilikuwa ukurasa wa kwanza. Aandike lililosemwa, aseme halikuwa kweli, aandike lililo kweli. Barua yako ipelekwe kwa mkono kama inawezekana, nakala itiwe mhuri wa siku iliyopokelewa, na nakala hiyo ikae nyumbani kwako pamoja na gazeti lenyewe.